Barua ya wazi kwa mfilisi: vitu tulivyoacha dukani ni vyetu, visipigwe mnada

Kwa:
Mfilisi wa duka la nguo na bidhaa za komisheni, Ngong Road, Nairobi

Nakala kwa:
Msimamizi Rasmi wa Ufilisi, Business Registration Service
Mwanasheria Mkuu wa Serikali
Waziri wa Biashara

KUH: MALI YA WATEJA ILIYOFUNGIWA DUKANI

Mheshimiwa Mfilisi,

Salamu kwako na kwa wote walio ofisini mwako. Nakuandikia hadharani juu njia za kimya tumezitumia zote. Tangu duka lifilisike na wewe ukapewa kazi ya kukusanya na kuuza mali yake kulipa madeni, tumepiga simu, tumetuma imeili, tumekuja hadi ofisini tukaambiwa tuandike majina kwa kitabu cha askari pale mlangoni, na kila mara jibu ni lile lile, ngojeni mkutano wa wadai. Sasa tumeona tangazo kwamba stoki, fanicha na vifaa vyote vilivyo ndani ya duka vitauzwa kwa mnada mwisho wa mwezi huu, tukaona tukinyamaza tena itasemekana tulikubali. Kwa hivyo nasema kwa heshima lakini bila kuzunguka, ile mnaita stoki ya duka kwa sehemu kubwa ni mali ya watu, na wenyewe tuko hapa tunaitaka.

Kwa wale wataisoma hii barua na hawajui hii biashara venye inaendeshwa wacha nieleze. Duka halikuwa linanunua kitu kutoka kwetu. Mtu ana gauni la harusi alilovaa siku moja tu, mwingine ana kiti cha gari cha mtoto, mwingine mkoba wa ngozi aliopewa zawadi na hautumii, anapeleka dukani wanaelewana bei, kitu kinawekwa tagi na kuandikwa kwenye kaunta buku, kikiuzika duka linakata asilimia 40 na mwenyewe anatumiwa asilimia 60 kwa M-Pesa. Kisipouzika anarudi kukichukua. Hiyo ndiyo biashara yote.

Kuna wenye walipeleka kitu kimoja na kuna sisi wenye hiyo rafu ndiyo ilikuwa inatulipia karo. Mimi napokea viondo kutoka kwa kina mama wa Machakos na Kitui. Mama anavuna mkonge, anaupara, anauanika, anausokota kwa paja lake uzi mmoja mmoja mpaka ngozi inakuwa ngumu, anautia rangi ndio aanze kusuka, na kiondo kikubwa kinaweza kumchukua wiki kadhaa juu pia kuna shamba na watoto. Anakituma na matatu, mimi nakipokea, nakipeleka soko la Kariokor kushonewa mikanda ya ngozi, halafu ndio kinafika Ngong Road. Siku mlango ulifungwa viondo vyao vilikuwa dirishani, na ukipita leo bado unaviona kupitia kwa grili, vumbi imeanza kuvikalia, na tagi bado zinaning'inia na uzi mweupe. Kwa kila tagi kuna namba ya mwenye kitu, bei na tarehe, na nyuma duka lenyewe lilipiga muhuri wa wino wa bluu unaosema "mali ya mteja". Naomba hayo maneno uyakumbuke ukiendelea kusoma.

Malalamishi yetu ni haya.

1. Mmetuweka kwa orodha isiyo yetu

Barua zenu zote zinatuita wadai. Mdai ni mtu anayedai pesa. Sisi kwa vitu ambavyo bado viko kwa rafu hatudai pesa, tunataka vitu vyetu, na tofauti ya hayo mambo mawili ni kubwa sana kwa mtu wa kawaida. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015 kampuni ikifilisika pesa zinafuata mstari. Gharama za ufilisi zinatoka kwanza, pamoja na malipo ya mfilisi mwenyewe, halafu mishahara ya wafanyakazi, halafu kodi, na benki yenye dhamana iko na njia yake. Mdai wa kawaida asiye na dhamana yoyote anakuja nyuma kabisa, na mara nyingi akifikiwa hakuna kitu imebaki. Ukimweka mama wa Kitui kwa huo mstari umemwambia kiondo chake kiuzwe kilipe deni la mtu hajawahi kumwona, halafu yeye angoje makombo.

Lakini huo mstari ni wa kugawa mali ya kampuni. Mali ambayo kampuni inamshikia mtu mwingine haiingii kwa hilo fungu hata kidogo, inarudishwa kwa mwenyewe. Hii si kitu tumebuni, ni kanuni ya zamani ya ufilisi na wewe kwa taaluma yako unaijua kutuliko.

Watu wengi wanatuambia tukumbuke supamaketi ya Nakumatt. Tunakumbuka. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, wadai wakapiga kura ya kuifunga Januari 2020, na wasambazaji waliumia vibaya. Lakini yule msambazaji alikuwa ameuza bidhaa zake kwa mkopo, ameandika invoisi, unga ukishashushwa ni wa supamaketi na yeye amebaki na deni. Tunawaonea huruma sana lakini kisheria hatufanani nao. Sisi hatukuandika invoisi, hatukuuza. Tuliacha.

2. Ile fomu

Mmetutumia fomu ya kuthibitisha deni na iko na nafasi ya kuandika kiasi cha pesa peke yake. Hakuna mahali pa kuandika "nataka gauni langu". Wenzetu wengi, hasa wazee na wale hawana wakili, wamejaza na kutia sahihi juu waliambiwa wasipojaza watapoteza kila kitu. Tunaogopa kwamba kesho mtasema, si ulikubali mwenyewe kuwa mdai, umeandika hapa elfu nane. Tunaomba mseme sasa kwa maandishi kwamba yeyote aliyejaza hiyo fomu hajaachilia umiliki wa kitu chake. Ni sentensi moja tu, inaweza kuandikwa leo.

3. Hoja ya siku 90

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo juu ndio jibu pekee tulipata kutoka kwa ofisi yenu, na tulilipata kwa simu. Tuliambiwa mkataba wetu unasema kitu kinakaa dukani siku 90, na kwa sababu vitu vingi vilikuwa vimepitisha hizo siku basi vimekuwa vya duka. Tukaambiwa hiyo ni sheria ya mauzo ya bidhaa.

Tumeenda kuisoma hiyo sheria, Sura ya 31. Kweli kifungu cha 20 kinaongea juu ya bidhaa zilizopelekwa kwa mnunuzi kwa masharti ya kununua au kurudisha, na kinasema mnunuzi akikaa nazo mpaka muda uliowekwa upite bila kusema hazitaki, zinakuwa zake. Lakini hebu tusome pamoja, Mheshimiwa. Hicho kifungu kinasema mnunuzi. Duka halikuwa mnunuzi wetu siku hata moja. Mnunuzi alikuwa yule anaingia kutoka barabarani, anajaribu kiatu, analipa kwa till. Duka lilikuwa linatuuzia kwa niaba yetu na kukata komisheni, na mtu hawezi kulipwa komisheni kwa kuuza kitu chake mwenyewe. Kama gauni lilikuwa limeshakuwa la duka siku ya 91 mbona likiuzwa siku ya 120 duka lilikuwa linamtumia mwenyewe asilimia 60? Angalieni rekodi za M-Pesa za kampuni, mko nazo nyinyi, sisi hatuna, mtaona malipo ya vitu vilivyokaa miezi sita, saba, na hakuna siku duka lilimwambia mtu muda wako umeisha kitu ni chetu. Mkataba wenyewe, karatasi moja ya pande mbili, unasema baada ya siku 90 duka linaweza kushusha bei au kumpigia mwenye kitu aje akichukue. Kumpigia mwenye kitu. Siku 90 zimeshapita na bado karatasi inamwita mwenye kitu.

Na hiyo sheria hiyo, kifungu cha 23, inasema mtu akiuza bidhaa ambazo si zake bila ruhusa ya mwenyewe mnunuzi hapati haki kubwa kuliko ya yule aliyeuza, ingawa kuna hali ambazo mnunuzi analindwa. Ruhusa tuliyopeana ilikuwa ya duka kutuuzia kwa bei tulikubaliana na kututumia pesa zetu. Hakuna mtu alipeana ruhusa ya mnada wa bei ya kutupa ili benki ilipwe. Na juu kuna hizo hali za kumlinda mnunuzi, kitu kikishapigwa nyundo kikaenda na mtu asiyejua lolote, kukifuata inakuwa kesi nyingine ndefu ambayo mama wa viondo hawezi kuilipia wakili. Ndio maana tunapiga kelele kabla ya mnada.

4. Pesa za vitu vilivyouzwa

Hii ni tofauti na tunaikubali ni ngumu. Wiki za mwisho kabla ya kufungwa duka liliuza vitu vya watu wengi na halikutuma pesa. Kama hizo pesa ziliwekwa kwa akaunti tofauti, mbali na pesa za duka, ni zetu na zirudishwe nzima. Kama zilichanganywa na pesa za duka zikalipa stima na rent, tunajua kuzitenganisha si rahisi na pengine kwa hiyo sehemu tutabaki kweli kuwa wadai kama wengine. Tunachoomba ni muangalie kwanza kabla ya kuamua. Mtuonyeshe taarifa ya benki na ya till ya miezi mitatu ya mwisho. Mpaka sasa mmezika mambo mawili kwa kaburi moja, kitu kilichouzwa na kitu kilicho kwa rafu, na hicho cha kwa rafu hakina ugumu wowote.

5. Benki na landilodi

Tunasikia benki iko na dhamana juu ya stoki yote. Dhamana inashika mali ya aliyeiweka. Mkurugenzi wa duka hangeweza kuweka dhamana gauni la harusi la mtu, na kama aliorodhesha vitu vyetu kama mali yake ili apate mkopo hilo ni swali la kumuuliza yeye. Landilodi naye amefunga na kufuli yake juu ya yenu, na kila mmoja anatuambia tuongee na mwenzake. Wewe ndiye mfilisi. Wewe ndiye wa kuongea na landilodi, si sisi.

6. "Mko na ushahidi gani?"

Tuko nao mwingi. Kuna tagi zenye muhuri. Kuna kaunta buku nne zilizokaa chini ya kaunta upande wa kushoto, zimeandikwa kwa mkono, kila ukurasa namba ya mteja, kitu, rangi, bei, tarehe. Kuna chati za WhatsApp zenye picha, juu duka lilikuwa linapiga kila kitu picha siku kinaingia na kututumia. Kuna meseji za M-Pesa za mauzo ya nyuma zinazoonyesha mpango wetu ulikuwa wa namna gani. Lakini hatujaruhusiwa kuingia kulinganisha, na hatujui kama hizo buku ziko salama. Tukiombwa risiti ya kununua kiondo hakuna, kilisukwa. Mtu akiombwa risiti ya gauni la mwaka wa 2016 pengine alishaitupa. Ushahidi ni ule uko ndani ya duka na funguo mko nazo nyinyi. Kama kuna kitu watu wawili wanakigombania, hicho kiwekwe kando mpaka ijulikane, kisifanye vitu vingine vyote vizuiliwe.

7. Pesa za kuhifadhi

Wenzetu wawili waliambiwa wanaweza kupewa vitu vyao wakilipa "storage". Tunaomba hiyo ikome. Hatukuomba mtuhifadhie, tuliomba kuchukua.

Najua kuna jibu lingine litakuja, kwamba sheria inazuia hatua zozote juu kampuni iko kwa ufilisi. Tumeambiwa hata tusijaribu Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, yenye inasikiza kesi za hadi shilingi milioni moja na inafaa kumaliza ndani ya siku 60, juu kampuni ikishawekwa chini ya ufilisi na korti huwezi kuishtaki bila ruhusa ya korti. Sawa, tumeelewa. Lakini hiyo inazuia sisi kushtaki, haikuzuii wewe kumrudishia mtu kitu ambacho umeona mwenyewe ni chake. Hakuna mahali mfilisi amelazimishwa angoje kushtakiwa ndio afungue mlango.

Na mtasema vitu ni vingi, watu ni wengi, ni kazi. Ni kazi kweli, na tuko tayari kuifanya na nyinyi. Kwa grupu yetu kuna watu wanajua kompyuta, kuna aliyekuwa anafanya kazi kwa hilo duka na anajua kila namba ilikuwa ya nani. Tupangiwe siku, tukuje kwa vikundi, afisa wenu akiwa hapo, kila mtu aonyeshe kitambulisho na chati yake, tagi ilinganishwe na buku, atie sahihi, aende na kitu chake. Siku mbili tatu mnamaliza.

Kwa hivyo tunaomba, Mheshimiwa, kwanza kabisa kila kitu chenye tagi ya mteja kiondolewe kwenye mnada, kisiuzwe, na hilo litangazwe kwa maandishi kabla ya tarehe ya mnada kufika. Pia mtupe barua ya kusema zile fomu hazijatunyima umiliki, mhakikishe zile kaunta buku na rekodi za M-Pesa zimehifadhiwa na tuweze kuziona, na mtupangie siku za kuchukua vitu bila malipo. Kwa pesa za vitu vilivyouzwa tunaomba hesabu. Tunataka majibu ndani ya siku saba kutoka leo. Yasipokuja tutaomba Mahakama Kuu isimamishe mnada, na hii barua tutaiambatisha kuonyesha kwamba ulijua, kabla ya nyundo kushuka, kwamba hizi bidhaa zina wenyewe.

Kwenu Mwanasheria Mkuu na Waziri, mambo ya hili duka ni yetu na mfilisi lakini kuna kitu kinawahusu. Hii biashara ya kuacha vitu kwa komisheni imejaa Nairobi, kutoka Kilimani mpaka Eastleigh, kuna wa nguo, wa viti, wachoraji wanaoacha picha zao kwa gallery, na wengi tunafanya kwa karatasi moja au kwa WhatsApp tu. New York walishaandika sheria kwamba kazi ya msanii ikiachwa kwa gallery iuzwe, kazi yenyewe na pesa zake ni amana ya msanii, yaani gallery inamshikia tu, na baada ya gallery ya Salander-O'Reilly kuanguka mwaka wa 2007 na mwenyewe kukiri makosa kortini mwaka wa 2010, hiyo sheria wakaikaza tena mwaka wa 2012. Sisi tunaomba Kenya nayo iandike waziwazi kwamba kitu kilichoachwa kwa komisheni, kiwe cha msanii au cha mama mboga, ni amana, na pesa zake zikae kwa akaunti tofauti. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu. Kiandikiwe njia ya kufanya kazi hata mtu akiwa hana wakili.

Na kwa wewe msomaji ambaye kitu chako kiko ndani ya hilo duka na hujui la kufanya, tafuta ile picha duka lilikutumia siku ulipeleka, usifute hiyo chati, piga skrinishoti uitume kwa imeili yako mwenyewe. Kama bado hujajaza ile fomu, usiandike pesa peke yake, andika juu yake kwa kalamu "mimi ni mwenye mali, naomba nirudishiwe" na ubaki na kopi yenye stempu ya ofisi.

Wako mwaminifu,

Mmoja wa wenye mali, kwa niaba ya wenzangu
Nairobi